Lori la maganda na foleni ya gesi

Katika soko la ndizi la Mabibo, ambalo wakazi wa Dar es Salaam hulifahamu zaidi kwa jina la Mahakama ya Ndizi, kesi husikilizwa alfajiri. Malori yaliyosafiri usiku kucha kutoka Kilimanjaro, Morogoro na Mbeya hushusha mikungu, madalali hupaza bei, wachuuzi huivuta chini, na jua linapoanza kuchoma hukumu imekwisha kutoka: mzigo umegawanywa na kuondoka kwenda kwenye magenge ya Sinza, Manzese na Tandale. Kinachobaki chini ni vikonyo vya mikungu, majani makavu yaliyotandikwa ndani ya malori, ndizi zilizopondeka na maganda kutoka kwa mama lishe. Kufikia adhuhuri, joto na inzi wameshachukua zamu.

Rundo hilo likibahatika kuzolewa, hupakiwa kwenye lori na kuanza safari ya dampo la Pugu Kinyamwezi. Lori hukamata Barabara ya Mandela, hukata kona Tazara, hufuata Barabara ya Nyerere na kupita uwanja wa ndege kuelekea Gongo la Mboto. Jirani na uwanja wa ndege kuna kituo cha kujazia magari gesi. Bajaji na teksi zilizofungwa mitungi husubiri zamu, madereva wakipiga soga na kuhesabu muda unaopotea, maana gesi ni nafuu kuliko petroli na nafuu hiyo inastahili kusubiriwa. Lori la taka huwapita likitimua moshi wa dizeli. Ndani yake kuna mzigo ambao ungeweza kuwa gesi ileile wanayoipangia foleni.

Ileile, bila kutia chumvi. Gesi ya Songo Songo, inayofika Dar es Salaam kwa bomba tangu mwaka 2004, kwa sehemu kubwa kabisa ni methani. Gesi inayotoka kwenye ndizi iliyooza mahali pasipopita hewa nayo ni methani, ila imechanganyika na kaboni dayoksaidi. Ya kwanza ilipikwa ardhini kwa mamilioni ya miaka. Ya pili hupikwa ndani ya tangi kwa wiki chache. Ikishasafishwa, injini ya bajaji haina namna ya kujua kama imenyweshwa gesi ya kisiwani au ya sokoni.

Halmashauri za miji ya Afrika Mashariki zimezoea kuihesabu taka inayooza katika fungu la usafi: fedha hutoka ili uchafu uondoke mbele ya macho. Inafaa sasa ihesabiwe katika fungu la nishati. Na pa kuanzia si dampo, ambako kila kitu kimeshachanganyika na chupa, nepi na betri. Pa kuanzia ni sokoni, machinjioni na viwandani, ambako mabaki yanatoka yakiwa ya aina moja, kila siku, mahali pamoja. Mteja wa kwanza naye awe yule ambaye tayari amefunga mtungi kwenye gari lake au tayari ameamriwa kuachana na kuni.

Kazi ya kutengeneza gesi yenyewe hufanywa na vijidudu wasioomba mshahara. Mabaki husagwa, huchanganywa na maji na kuingizwa kwenye tangi lililofungwa hewa isiingie. Humo bakteria huvunjavunja wanga, sukari, mafuta na protini hadi itoke biogesi, yenye methani kati ya asilimia 50 na 70. Tani moja ya mabaki ya chakula huweza kutoa takriban mita 100 za ujazo za gesi hiyo, na kila mita moja ya ujazo ina nguvu inayozidi kidogo ile ya nusu lita ya dizeli. Kinachobaki tangini ni uji mweusi wenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu yote iliyokuwa kwenye mabaki. Hiyo ni mbolea.

Kwa jiko, biogesi inatosha karibu kama ilivyo. Inahitaji kuondolewa unyevu na ile gesi ya salfa yenye harufu ya yai viza, ambayo isipochujwa hula mabomba na vichwa vya majiko. Kwa gari kazi huongezeka. Gesi hupitishwa kwenye mnara ambamo maji humwagika kutoka juu kwa shinikizo. Kaboni dayoksaidi huyeyuka majini, kama ilivyoyeyushwa ndani ya chupa ya soda, na methani huendelea na safari ikiwa peke yake. Kisha hushindiliwa hadi shinikizo la takriban mara 200 ya hewa ya kawaida ili iingie mtungini. Mnara na mashine ya kushindilia vina gharama. Kwa hiyo mtambo mdogo wa shule au gereza unafaa kuishia jikoni, na mtambo mkubwa wa soko la jiji ndio wenye sababu ya kufika barabarani. Miradi mingi huharibika kwa kuchanganya vipimo hivi viwili.

Taka isipopelekwa kwenye tangi haiachi kutengeneza gesi. Hutengeneza palepale dampo, chini ya tabaka la taka mpya, na kuiachia angani. Kwa kipimo cha miaka 20, methani huongeza joto la dunia zaidi ya mara 80 kuliko kiasi hichohicho cha kaboni dayoksaidi. Lakini wanaoishi pembezoni mwa madampo hawasubiri takwimu za hali ya hewa ili wajue hatari iko wapi. Agosti 10, 2024, baada ya mvua kubwa, mlima wa taka wa Kiteezi nje kidogo ya Kampala uliporomoka na kufukia nyumba. Watu zaidi ya 30 walifariki. Machi 2017 dampo la Koshe mjini Addis Ababa lilikuwa limefanya vivyo hivyo na kuua zaidi ya watu 100. Milima hiyo haikujengwa kwa chuma na vioo. Sehemu kubwa ya taka za miji hii ni mabaki ya vyakula na mimea, vitu vinavyooza, vinavyolowa na kuteleza.

Addis Ababa ilijaribu dawa nyingine. Mwaka 2018, jirani na Koshe, ulizinduliwa mtambo wa Reppie wa kuchoma taka na kufua umeme, uliosanifiwa kumeza tani 1,400 kwa siku. Ulishangiliwa kuwa wa kwanza wa aina yake barani. Teknolojia ilikuwa ileile inayotumika Ulaya, lakini taka haikuwa ile ya Ulaya. Taka ya Ulaya ina karatasi na vifungashio vikavu. Ya Addis Ababa, kama ya Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura, imejaa majimaji ya mboga na matunda. Ukitaka kuchoma ndizi mbichi, moto wa kwanza wote huishia kukausha maji. Mtambo haukufikia uzalishaji uliotarajiwa. Unyevu ambao ni adui wa tanuri ndio chakula cha bakteria wa tangini, na mpishi yeyote anayejua tofauti ya kuni kavu na kuni mbichi angeweza kuwaeleza wataalamu jambo hilo kabla hawajasaini mkataba.

Jiji lililopata jibu linaloelekea kufaa huku liko India. Indore, katika jimbo la Madhya Pradesh, lilikuwa na jalala lake la Devguradia lililorundikana kwa miongo. Kabla ya kujenga mtambo wowote, halmashauri ya jiji ilifanya kazi isiyo na utepe wa kukata: iliwafundisha wakazi kutenganisha taka za jikoni na taka kavu mlangoni mwao, magari ya kuzoa yakawekewa vyumba tofauti, na anayechanganya akatozwa faini. Tangu mwaka 2017 Indore limekuwa likitajwa mwaka hadi mwaka kuwa jiji safi kuliko yote nchini humo. Ndipo, Februari 2022, Waziri Mkuu Narendra Modi alipozindua mtambo wenye uwezo wa kupokea tani 550 za taka za majimaji kwa siku na kutoa kilo 17,000 za gesi ya magari pamoja na tani 100 za mboji.

Mpango wa fedha wa Indore unavutia kuliko hata mitambo yake. Kampuni binafsi iliyojenga mtambo hulipa halmashauri mrabaha wa rupia milioni 25 kwa mwaka, na nusu ya gesi huiuzia mabasi ya jiji kwa bei iliyo chini ya ile ya soko. Kwa hiyo jiji lililokuwa likilipa ili taka ziondoke limekuwa likilipwa. Kampuni haikuogopa kuweka mtaji kwa sababu ilijua mambo mawili kwa hakika: malighafi itafika ikiwa imetenganishwa, na mabasi yatanunua.

India hiyohiyo inatoa na onyo. Oktoba 2018 serikali kuu ilitangaza mpango wa SATAT wa kujenga mitambo 5,000 ya gesi ya taka na mabaki ya mashambani kufikia mwaka 2023. Muda ulipowadia, iliyokuwa inafanya kazi haikufika hata 100. Bei ya kununulia gesi ilikuwapo, nia ya serikali ilikuwapo, lakini wawekezaji wengi hawakuwa na uhakika wa kupata mabaki safi ya kutosha mwaka mzima, na mbolea iliyobaki haikuwa na mnunuzi. Indore ilianza na ndoo mbili za taka nyumbani. SATAT ilianza na hesabu ya mitambo.

Wasweden walikuwa wamelijua hilo mapema. Mji wa Linköping, katika miaka ya 1990, ulisumbuliwa na moshi wa mabasi ya dizeli. Mjini palikuwa na machinjio yenye damu na matumbo ya kutupa, pembeni palikuwa na wakulima wanaohitaji mbolea, na halmashauri ilikuwa na mabasi. Walikaa meza moja, wakaanzisha kampuni ya pamoja, na kufikia mwaka 2002 mabasi yote ya mjini humo yalikuwa yakitumia biogesi. Mwaka 2005 likaongezwa treni la abiria la biogesi, la kwanza duniani, kati ya Linköping na Västervik. Leo sehemu kubwa kabisa ya gesi inayowekwa kwenye magari nchini Sweden inatokana na taka, mabaki na majitaka. Bila misamaha ya kodi isingefika hapo, na Wasweden hawalifichi jambo hilo. Huko Bristol, Uingereza, basi lililoanza safari mwaka 2014 lilichorwa ubavuni watu waliokaa chooni, ili abiria wasikose kuelewa gesi imetoka wapi.

Mwenye taka, mwenye gari na mwenye shamba kwenye meza moja: hilo ndilo ambalo Afrika Mashariki haijalifanya, ingawa ujuzi wa matangi umekuwapo hapa kwa miaka 40.

Arusha, katika kituo cha CAMARTEC, mafundi walianza miaka ya 1980, kwa ushirikiano na Wajerumani, kubuni mtambo wa kuba la matofali uliozikwa ardhini, wa kulishwa samadi ya ng'ombe wa zero-grazing. Mafundi wa aina hiyo walisambaza mitambo ya nyumbani Kilimanjaro, Arusha, Mbeya na kwingineko, na mpango wa kitaifa ulioanza mwaka 2009 ukaongeza mitambo zaidi ya 10,000. Kaya nyingi zilipika maharage bila kuni. Nyingine zilipika kwa miaka michache, kisha ng'ombe wakauzwa kulipia ada, kuba likapata ufa, au maji yakaziba bomba na hakuna aliyekumbuka pa kuyamwagia. Mtambo ukageuka kiti cha watoto uani. Ufa wa kuba fundi anauziba kwa siku moja. Zizi likishakuwa tupu hana la kufanya.

Rwanda ilichagua mahali ambapo chakula cha mtambo hakiuzwi kamwe. Kuanzia mwaka 2001, chuo cha KIST cha Kigali kilijenga mitambo mikubwa kwenye magereza, la kwanza likiwa Cyangugu, ikilishwa kwa vyoo vya wafungwa wenyewe. Gesi ilirudi jikoni. Matumizi ya kuni katika magereza hayo yalipungua kwa karibu nusu, na mwaka 2005 chuo kikapata tuzo ya kimataifa ya Ashden. Mjini Nairobi, ndani ya Kibera, shirika la Umande Trust lilijenga vyoo vya jamii vyenye tangi la gesi chini na majiko juu, watu wakilipia choo na kupikia palepale. Naivasha, kampuni ya Sanivation imekuwa ikitengeneza kuni bandia kutokana na tope la vyoo lililokaushwa na kuchanganywa na mabaki mengine, kwa ajili ya matanuri ya viwanda. Wapo wanaokunja uso wakisikia habari hizi. Kwa jamii ambayo suala la najisi si la mzaha, kuanza na maganda ya ndizi badala ya vyoo kutaokoa muda mwingi wa ubishi.

Naivasha hiyohiyo ina mfano mkubwa zaidi. Katika shamba la Gorge Farm, mabaki ya mboga na mashina ya mahindi hulishwa kwenye mtambo wa zaidi ya megawati mbili, ambao ulihesabiwa kuwa wa kwanza barani Afrika wa biogesi kuuza umeme wake kwenye gridi ya taifa. Joto linalobaki kwenye injini nalo halitupwi. Hupelekwa kwenye mabanda ya kuoteshea. Shamba hilo halimwombi mtu mabaki. Yanatoka kwenye mashamba yake, na kuyaacha yaoze lingekuwa tatizo lake.

Tanga nako kuna Hale. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Dkt. Richard Hindorf, vichipukizi 62 tu vikiwa vimenusurika safari ndefu ya baharini. Kwa zaidi ya karne moja tasnia iliyozaliwa hapo iliishi kwa singa, yaani asilimia chache tu ya uzito wa jani. Zilizobaki, majimaji na makapi, zilitupwa. Kufikia mwaka 2008, kampuni ya Katani, ikisaidiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda na mfuko wa kimataifa wa mazao, ilikuwa na mtambo pale Hale unaogeuza makapi hayo kuwa biogesi na umeme, wa kwanza duniani kwa zao hilo. Lilikuwa jambo la kujivunia na bado ni la kujivunia. Ila Hale haijapata wadogo zake kwa kasi iliyotarajiwa. Tasnia iliyothibitisha kwamba inatumia kidogo na kutupa kingi bado inatupa kingi.

Hesabu ya soko la Mabibo inaweza kufanywa nyuma ya bahasha. Kwa kiwango cha Indore, kila tani ya taka hutoa takriban kilo 31 za gesi ya magari. Tani kumi kwa siku, kiasi ambacho soko kubwa la jiji haliwezi kukikosa, zingetoa kilo 310. Bajaji ikitumia kilo tatu kwa siku, hizo ni bajaji mia moja. Kwa bei ya takriban Sh1,500 kwa kilo, mauzo ni kama Sh465,000 kwa siku, au karibu Sh170 milioni kwa mwaka.

Mtu mkweli atakiri kwamba fedha hizo ni kidogo. Zikitolewa mishahara, umeme wa mashine ya kushindilia na marejesho ya mkopo wa mtambo, gesi peke yake haitoboi. Hapo ndipo miradi mingi hukata tamaa, na hapo ndipo watetezi wengi wa biogesi huanza kusema uongo. Kinachobeba mradi ni fungu la pili na la tatu: gharama ya dizeli na safari ya zaidi ya kilometa 20 hadi Pugu ambayo halmashauri haitailipa tena kwa tani hizo, pamoja na mbolea. Mtambo unaoletewa taka na kulipwa kwa kuipokea, kama dampo linavyogharimiwa, una miguu mitatu ya kusimamia. Mtambo unaotakiwa uinunue taka na uishi kwa gesi tu una mguu mmoja.

Watakuwapo watakaouliza kwa nini nchi yenye akiba ya gesi asilia inayokadiriwa kuwa futi za ujazo trilioni 57 ihangaike na maganda. Swali ni halali, na jibu lake liko kwenye ramani. Mabomba ya gesi yanatoka Songo Songo na Mtwara, yanaishia Dar es Salaam. Hayafiki Mwanza, Mbeya, Arusha wala Bukoba. Dereva wa bajaji wa Mbeya anayesikia wenzake wa Dar es Salaam wakisifia gesi hana pa kuipata bila kuletewa kwa lori. Mikoa hiyo ndiyo yenye ndizi, viazi, kahawa, maziwa na machinjio. Dar es Salaam inafaa kwa jaribio la kwanza kwa sababu mafundi wa kufunga mitungi wapo na wateja wapo. Faida kubwa zaidi ya jaribio hilo itakuwa bara, ambako gesi ya soko haitashindana na bomba bali na petroli iliyosafiri kutoka pwani.

Swali jingine gumu linatoka kwa wafugaji. Maganda ya ndizi si yatima kila mahali. Kampala yana soko lake kabisa, yakinunuliwa kwa magunia kulishia ng'ombe wa mjini, na Dar es Salaam nako wafugaji huyafuata sokoni na mikokoteni. Ng'ombe anayekula ganda na kutoa maziwa ametangulia kwenye foleni na hapaswi kuondolewa. Tangi lichukue ambacho ng'ombe amekikataa: vilivyooza, vilivyopondeka, vikonyo, na samadi ya huyohuyo ng'ombe. Vivyo hivyo kwa vijana wanaookota chupa na makopo. Taka ikitenganishwa sokoni, chupa zinawafikia zikiwa safi na kwa bei nzuri zaidi.

Upande wa joto, msukumo wa serikali tayari upo. Taasisi za Tanzania zinazohudumia watu zaidi ya 100 kwa siku zilipewa hadi Januari 31, 2024 ziache kuni na mkaa, na mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo mwaka 2034. Shule nyingi zimejibu kwa kununua mitungi mikubwa ya gesi inayoagizwa kutoka nje kwa dola. Shule ya bweni yenye wanafunzi mia nane ina vyoo, mabaki ya ugali na maharage, na mara nyingi ina ng'ombe au nguruwe wa mradi. Si lazima biogesi ipike kila kitu. Ikipika uji wa asubuhi na chai, mtungi wa kununua utakaa muda mrefu zaidi, na bustani ya shule itapata mbolea. Kinachotakiwa ni fundi mwenye mkataba wa kurudi kila baada ya miezi mitatu, kwa kuwa mwalimu wa zamu hakuajiriwa kukagua mabomba.

Kenya imetangulia kwa karatasi. Sheria yake ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka inayooza itenganishwe na isiyooza pale inapotoka. Ni sheria nzuri yenye udhaifu unaojulikana: mama aliyetenganisha mifuko yake asubuhi hushuhudia mchana yote ikitupwa ndani ya lori moja. Masoko yana nafuu hapo. Hakuna haja ya kumshawishi kila mwenye nyumba. Inatosha kuwa na meneja mmoja wa soko, uongozi wa wafanyabiashara na vizimba viwili vya taka, kimoja cha vinavyooza na kingine cha plastiki na mifuko.

Kipingamizi kikubwa kimejificha kwenye mikataba. Mkandarasi wa taka akilipwa kwa safari, kila tani inayobaki sokoni na kuingia tangini ni safari aliyoikosa. Hatapinga mradi hadharani. Atachelewa tu, atachanganya mizigo, ataleta vizimba vimejaa mawe. Mkataba unaofaa humlipa kwa tani iliyofikishwa ikiwa safi, popote ilipofikishwa, na humruhusu awe mbia wa mtambo akitaka. Huko Linköping, mwenye machinjio alikuwa mwanahisa, na hakuwa na sababu ya kuficha damu ya ng'ombe wake.

Kwa hiyo halmashauri isianze kwa kutafuta mwekezaji mwenye michoro ya kompyuta. Ianze Mabibo, Buguruni na kwenye machinjio ya Vingunguti, na ipime taka kwa miezi 12: kilo ngapi msimu wa maembe, ngapi Ramadhani, ngapi masika barabara za mikoani zikikatika. Iandike ni kiasi gani kilichanganyika na plastiki na nani alikuja kuchukua nini kwa ajili ya ng'ombe. Daftari hilo ndilo litakalomleta mwekezaji wa kweli na kumfukuza tapeli, kwa sababu benki hukopesha kwa hesabu ya malighafi na wala haikopeshi kwa ukubwa wa tatizo la uchafu.

Katika soko zima la Mabibo kila kinachoingia hupimwa, huhesabiwa au hukadiriwa kwa jicho la dalali asiyekosea. Mkungu una bei yake, kichane kina bei yake, hata ushuru wa lori una stakabadhi. Lori la taka peke yake hutoka getini bila kupimwa, likaelekea Mandela, na huko Barabara ya Nyerere madereva wa teksi wanainua vioo linapowapita.